Msitu wa Bamburi: mkulima mkuu ni jongoo

Wazazi wengi wanaoteremka Mombasa na watoto wakati wa likizo huwa na orodha ambayo haibadiliki sana. Siku ya kwanza ni Fort Jesus, siku ya pili ni kuogelea katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, na siku ya tatu, watoto wakiwa wamechoshwa na maji ya chumvi, ni Haller Park kule Bamburi kuona wanyama. Wakifika huko watoto huulizia twiga kwanza. Wakishamlisha twiga kwa mikono yao, huulizia kiboko, kisha mamba, kisha kobe mkubwa, halafu soda na njia ya kurudi.

Hakuna ubaya. Twiga ni twiga. Lakini mnyama ambaye kila mgeni wa mahali hapo angepaswa kumsalimu kwanza hana pembe wala manyoya, na hakuna mtoto anayelilia kupigwa picha naye. Yuko chini ya miguu yetu, amejikunja katika majani makavu, na wengi humpita au hata kumkanyaga bila habari. Huyo ni jongoo. Bila yeye, nathubutu kusema, twiga wa Bamburi asingekuwa na kivuli cha kusimama.

Leo basi, mpenzi msomaji, nataka tuitazame hifadhi hii ndogo, yenye bustani, msitu na wanyama pamoja, kwa mpangilio uliotumiwa kuijenga, yaani kutoka chini kwenda juu. Nina sababu. Nchi yetu imeshika miche na majembe. Mwaka 2022 serikali ilitangaza lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko ili tukapande miti. Ni jambo jema. Lakini kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Msitu ni kitu kingine, na Bamburi ni mahali pazuri pa kujifunza tofauti hiyo.

Palipokuwa timbo

Haller Park iko kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara kuu iendayo Malindi, jirani na kiwanda cha saruji cha Bamburi. Kampuni ya saruji iliundwa mwaka 1951, na kiwanda kikaanza kutoa saruji mwaka 1954. Saruji huanza na mawe ya chokaa, na pwani yetu imejaliwa mawe hayo kwa wingi, kwani ardhi ya Bamburi ni matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu bahari iliporudi nyuma. Wewe unayesoma makala haya ukiwa ghorofani Umoja au Kisauni, huenda ukuta ulioegemea una unga wa matumbawe hayo.

Bandu bandu huisha gogo. Mashine zilianza kwa kuondoa vichaka na udongo mwembamba uliokuwa juu ya mwamba, kisha zikaukata mwamba wenyewe, mwaka baada ya mwaka. Miaka ya sabini ilipoingia palikuwa pamebaki shimo pana la mawe meupe, limechimbwa hadi karibu na maji ya chini ya ardhi, nayo maji yenyewe yana chumvi. Hapakuwa na udongo. Hapakuwa na kivuli. Jua la pwani lilipiga juu ya jiwe jeupe, joto likarudi juu kama la kikaango.

Kwa kawaida, timbo likifika hapo huachwa. Wenye mashine huhamia kwingine, na shimo hubaki kuwa jaa la takataka au bwawa la mbu. Bamburi ilikuwa na bahati ya kuwa na mwajiriwa mmoja asiyekubali kawaida hiyo. Huyu ni Dkt. René Haller, mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, ambaye alikuwa akifanya kazi na kampuni hiyo tangu mwaka 1959. Mwaka 1971 alianza kazi ya kulirudishia uhai timbo lile.

Mitatu kati ya 26

Jambo la kwanza alilofanya Haller ndilo ambalo wengi wetu hulifanya na kuishia hapo. Alipanda miti. Mashimo yalitobolewa katika mwamba, miche ya aina 26 ikatiwa humo, kisha ikangojwa. Mingi ilikauka. Joto, chumvi na ukosefu wa udongo viliimaliza.

Aina zilizopona zilikuwa tatu peke yake: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa nchi kavu za Somalia ambao Wasomali huuita damas.

Hapa ndipo ninapoomba tusimame kidogo. Mtu mwingine angehesabu aina 26, akaita wapiga picha, akakata utepe. Haller alihesabu tatu. Tena hakuishia katika kuhesabu, bali aliuliza kwa nini hizi tatu zimeishi na zile nyingine zimekufa. Swali hilo ndilo lililootesha msitu.

Mvinje, ambao ulikuja kuwa nguzo ya kazi yote, ni mti ambao watu wa pwani wanaujua vizuri. Wakulima wa Kwale na Kilifi huupanda kwa ajili ya fito na nguzo za kujengea. Majani yake ni membamba kama sindano, hivyo hayapotezi maji mengi juani. Mti wenyewe unavumilia chumvi. Lakini siri yake kubwa iko mizizini. Humo huwa na vifundo vinavyokaliwa na viini vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huchukua nitrojeni kutoka hewani na kuugeuzia mti chakula. Kwa maneno mengine, mvinje huja shambani na kiwanda chake cha mbolea. Ndiyo maana uliweza kumea mahali ambapo mahindi yasingetoa hata jani la pili.

Miaka michache baadaye timbo lilikuwa na kivuli. Ukitazama kwa mbali ungesema kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha hata kidogo.

Majani yaliyokataa kuoza

Mvinje hudondosha majani yake bila kukoma. Katika msitu wa kawaida, jani likianguka huoza, likawa mboji, mboji ikalisha mti, na mti ukatoa jani jingine. Hivyo ndivyo msitu unavyojilisha. Lakini majani ya mvinje ni magumu, na yamejaa tanini, ile dawa inayopatikana pia katika majani ya chai na magome ya mikoko yanayotumiwa kulainishia ngozi. Bakteria waozeshao majani hawaipendi. Basi majani yalirundikana juu ya mwamba kama mkeka mkavu, na chini ya mkeka huo jiwe likabaki jiwe. Miti ilikuwapo, udongo haukuwapo.

Jibu lilitambaa lenyewe. Jongoo wa pwani, yule mweusi mwenye miguu myekundu ambaye wengine humtania kwa jina la treni ya Mombasa, alionekana akiyatafuna majani ya mvinje bila shida yoyote. Haller akaamuru jongoo wakusanywe. Walikusanywa kwa mamia, wakaachiliwa chini ya miti.

Wakafanya kazi yao. Jongoo hulitafuna jani gumu likawa unga, na kinyesi chake, tofauti na jani lenyewe, ni chakula ambacho bakteria wanakiweza. Kidogo kidogo mkeka ule mkavu ukageuka kuwa udongo mweusi. Jongoo wakazaana, udongo ukaongezeka, na kwa mara ya kwanza tangu mashine zipite mbegu iliyoanguka Bamburi ilikuwa na mahali pa kushika.

Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema. Nadhani hawakuwa wamefikiria kibaba cha udongo, lakini methali inatosha.

Wakubwa walikuja mwisho

Udongo ulipopatikana, mambo mengine yaliweza kufuata kwa zamu. Miti ya kienyeji ya pwani ilipandwa chini ya kivuli cha mvinje, na mingine ilijiotea yenyewe kwa mbegu zilizoletwa na ndege na upepo. Mabwawa yakachimbwa, samaki wakafugwa, na maji ya mabwawa yenye mbolea ya kinyesi cha samaki yakatumika kumwagilia mimea. Mamba wakafugwa. Mvinje uliokomaa ukakatwa kwa ajili ya nguzo na kuni, hivyo msitu ukaanza kujitafutia riziki huku ukiwapisha miti ya kienyeji. Wanyama walao majani kama pofu na choroa wakaletwa, na samadi yao ikaongeza rutuba.

Mwaka 1984 wananchi walifunguliwa mlango. Mwaka 1987 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi, lilimtunuku Haller tuzo yake ya Global 500. Na mwaka 1999 mahali hapo pakapewa jina lake.

Tazama mpangilio huo, msomaji. Mwamba, mvinje, jongoo, udongo, miti ya kienyeji, ndege, pofu, twiga. Laiti twiga angeletwa mwaka 1971 ili wageni wapige picha, angekufa njaa juu ya jiwe jeupe. Mnyama anayeonekana kwanza langoni ndiye aliyekuja mwisho, naye anakula jasho la asiyeonekana.

Hata kisa kilichoipa Bamburi sifa duniani kote kisingewezekana bila mpangilio huo. Mwishoni mwa mwaka 2004, mvua ziliwasukuma viboko kutoka mto Sabaki hadi baharini karibu na Malindi. Desemba 26 ikaja tsunami. Mawimbi yalipotulia alibaki ndama mmoja peke yake amekwama miambani. Watu wa Malindi walihangaika naye kwa nyavu na kamba mpaka wakamtoa siku iliyofuata, wakampa jina la mmoja wa waokoaji, Owen. Alipelekwa Haller Park, na alipofunguliwa alikimbilia nyuma ya kobe mkubwa wa asili ya visiwa vya Aldabra aliyeitwa Mzee, ambaye umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 130. Wakala pamoja, wakalala pamoja. Mwaka 2006 kitabu cha watoto kuhusu urafiki wao kilichapishwa, na mmoja wa waandishi wake ni Dkt. Paula Kahumbu, Mkenya aliyekuwa akisimamia hifadhi hiyo wakati huo.

Dunia nzima ilimsifu Mzee kwa roho yake nzuri, na alistahili sifa. Lakini ndama yule yatima alipata bwawa, majani na kivuli mahali ambapo miaka 33 kabla palikuwa na shimo la mawe. Kivuli hicho kina wenyewe.

Haki tumpe, na lawama pia

Mgala muue na haki mpe. Wapo wanaosema kwamba hifadhi ya Bamburi ni manukato yaliyopakwa juu ya vumbi la saruji, kwamba huwezi kubomoa ardhi kwa mkono mmoja na kuomba makofi kwa mkono mwingine. Neno hilo lina uzito. Vichaka vya asili vilivyokuwa juu ya matumbawe havijarudi kama vilivyokuwa, na mwamba uliosagwa hautarudi kamwe. Anayesema kwamba kila timbo linaweza kugeuzwa bustani, kwa hiyo tuchimbe tu popote, hakuielewa Bamburi.

Tena msitu huu uko mikononi mwa kampuni, na kampuni huuzwa na kununuliwa. Kwa miaka mingi Bamburi ilikuwa chini ya Lafarge ya Ufaransa, na baada ya Lafarge kuungana na Holcim ya Uswisi mwaka 2015 ikawa chini ya muungano huo. Mwaka 2024 ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania. Wenye mali wanaweza kubadilika kwa kutia sahihi. Msitu hauwezi kubadilishwa hivyo, nao unahitaji mtu wa kuuangalia kila mwaka, awe nani mwenye hisa.

Lakini lawama hizo haziondoi funzo. Tuna matimbo mangapi katika nchi hii? Wakazi wa Eastlands jijini Nairobi, wa Mlolongo na wa sehemu za Kiambu wanayajua. Mawe yaliyojenga nyumba zetu yametoka humo. Mvua kubwa zikinyesha mashimo hayo hujaa maji, watoto huenda kuogelea, na kuna wazazi ambao watoto wao hawakurudi. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka uchimbaji wa mawe ufanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na sheria ya madini ya mwaka 2016 inadai mipango ya kuirejesha ardhi katika hali nzuri baada ya kuchimbwa. Anayetuambia kwamba jambo hilo haliwezekani, tumwelekeze Bamburi. Palikuwa pabaya kuliko timbo lake.

Tunachoma udongo wa kesho

Sasa tugeukie nyumbani na shuleni, maana si kila mtu ana timbo la kutunza.

Nenda karibu shule yoyote ya mjini asubuhi uone kazi ya kwanza ya wanafunzi. Wanafagia majani chini ya miti, wanayarundika nyuma ya madarasa, wanayachoma. Uwanja unabaki safi na mgumu kama simiti. Muhula unaofuata walimu hao hao wanaandaa siku ya kupanda miti, mgeni wa heshima anafika, mashimo yanachimbwa katika ardhi ile ile ngumu, na mwezi wa pili baada ya mvua miche imekauka. Tunauliza mbona miti haishiki. Haishiki kwa sababu udongo wake tuliuchoma juzi.

Dawa yake haina gharama. Majani yafagiliwe, lakini yarudishwe kwenye mashina ya miti badala ya kutiwa moto. Yawe na kona moja ya uwanja yaachwe yaoze, na jongoo akionekana humo asipigwe kiatu. Jongoo si tandu. Tandu huuma, jongoo hana hata jino la kumuumiza mtoto. Akiguswa hujikunja na anaweza kutoa majimaji yanayotia doa na kuwasha, basi mtoto anawe mikono na asijiguse machoni, yaishe.

Pili, tubadilishe namna ya kuhesabu. Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, kina mama wa vijijini walilipwa kiasi kidogo cha pesa kwa mche uliopona. Hakuwalipa kwa kuchimba shimo wala kwa kupigwa picha. Haller kule Bamburi alihesabu aina tatu na kuzisahau zile nyingine zilizokufa. Watu hawa wawili walifanya kazi mbali kwa mbali, mmoja na kina mama wa vijijini na mwingine ndani ya shimo la kampuni, lakini hesabu yao ilikuwa moja. Basi shule ikitangaza kwamba imepanda miche 500, mwanafunzi mmoja wa chama cha mazingira apewe daftari, arudi kuhesabu baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka. Hesabu hiyo ya pili ndiyo isomwe siku ya wazazi. Ikiwa imebaki michache, aibu si kubwa. Ulizeni kwa nini hiyo michache imeishi, kisha pandeni mingine ya aina hiyo.

Na kwa familia zinazopanga safari ya Mombasa, nina ombi dogo. Mkifika Haller Park, ulizeni langoni saa za kulisha wanyama ili msizikose. Lakini kabla ya kufika kwa twiga, simameni njiani chini ya mivinje. Mzazi achukue kijiti, afunue majani makavu polepole, awaonyeshe watoto tabaka zilizopo: juu sindano nzima, chini yake sindano zilizovunjika, chini zaidi udongo mweusi, na mkibahatika, fundi mwenyewe akiwa kazini. Chini ya hayo yote kuna jiwe jeupe. Mfunikeni tena, muendelee na safari.

Twiga atawangoja. Ana kivuli.